Paka wa marehemu mume wangu hali chakula, na mimi niko eda

Dada mshauri, asalaam aleikum.

Nina miaka 58, mkaazi wa mji wa Lamu. Mtaa sitautaja, maana vichochoro vyetu ndivyo vilivyo: ukikohoa kwako, jirani anakwambia pole. Mume wangu alifariki siku 52 zilizopita, na mimi niko eda. Naandika kwa sababu ya paka. Tafadhali usinicheke.

Paka huyu anaitwa Kashata. Marehemu alimwokota gatini miaka kumi na miwili iliyopita, kadogo, kametupwa kwenye kamba za jahazi. Mume wangu alikuwa fundi wa mashua. Kila siku akitoka kuswali alfajiri hupitia gatini, hurudi na samaki wawili watatu, na cha kwanza anachokifanya, kabla hata ya chai yake, ni kumchemshia Kashata wake. Hukaa pale kwenye daka, samaki kwenye sinia, akamchambua mwiba mmoja mmoja kwa vidole, akamlisha. Mimi nilikuwa nikimwambia, "Mimi hunichambulii hivyo." Alikuwa akicheka.

Alipofariki, nilidhani Kashata atasumbuka, lakini alikula. Hitima ya arubaini imepita naye anakula. Mtoto wa jirani ndiye anayeniletea samaki, ila kusi imeanza, bahari chafu, samaki wa kubahatisha. Siku hakuna, nampa dagaa wakavu niliowaloweka kidogo.

Tangu Jumapili mambo yamebadilika. Jumapili aliacha dagaa wote. Jumatatu nilipata tasi, nikachemsha. Alikuja mbio, akanusa, akajilamba, akachukua kipande, akainamisha kichwa upande mmoja, kipande kikaanguka. Akakitazama. Kisha akaondoka. Jumanne na Jumatano alilamba mchuzi tu. Leo Alhamisi hakuja kabisa. Yuko chini ya kitanda, upande wa marehemu, ubavuni mwa makubadhi yake. Maji anakunywa, tena sana, namkuta kila mara kwenye ndoo ya chooni. Na mkeka anapolala nimekuta umelowa mate. Alikuwa paka mnene, wajukuu wakimwita mto. Leo nimempapasa nimeshika mfupa wa mgongo.

Wanaokuja kunikalia wote wanasema neno moja: analia bwana wake, mwache, atamfuata. Kijana mmoja amesema nimsagie nusu ya Panadol kwenye maziwa. Nilipomwambia wifi yangu kuwa nataka kumpeleka kwa daktari wa wanyama, alinitazama akasema, "Umekaa ndani siku hamsini kwa ajili ya mume, utoke kwa ajili ya paka?" Sikupata la kumjibu. Mwanangu wa kiume huja kila jioni baada ya isha. Hukaa, humtazama paka pale chini, halafu huondoka. Sijamwambia kitu. Najua ataona mama amechanganyikiwa.

Dada, usiku silali. Kuna ile hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfunga mpaka akafa. Mimi nimefungwa ndani na paka yumo ndani na mimi, ananifia mbele ya macho. Kikoi cha mume wangu bado kinaning'inia msumarini, sijakifua. Nikitoka, namvunjia heshima. Nisipotoka, namuua paka wake. Nifanye nini?

Mama wa Lamu

---

Aleikum salaam, mama. Shikamoo, na makiwa. Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu na akupe subira.

Barua yako imefika jana usiku. Zipo nyingine zilizotangulia, ila nimeipitisha mbele kwa sababu paka asiyekula hawezi kungoja zamu. Leo asubuhi nimezungumza na daktari wa wanyama ninayemfahamu, nikamsomea maneno yako kama ulivyoyaandika. Mengi ya mwili wa paka nitakayokueleza yametoka kwake.

Lakini kwanza lile la Panadol, kwa sababu nahofia mtu atakutangulia kwa wema. Usimpe, hata robo. Mwili wa paka hauna uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama wetu. Damu yake huharibika ishindwe kubeba hewa, na kidonge kimoja kinatosha kumuua. Ukimwona yule kijana, mwambie asimpe paka mwingine yeyote. Na ule mchuzi anaolamba, kama una kitunguu maji au thomu (kitunguu saumu), uache. Vyote viwili vinaharibu damu ya paka. Supu yake iwe samaki na maji tu, bila chumvi.

Sasa tukae, mama, tuzungumze.

Wewe unaona una milango miwili: utoke uvunje eda, au ukae Kashata afe. Na nyuma ya milango hiyo kuna jambo ambalo kila aliyeingia nyumbani mwako amelisema, nawe umelipokea: kwamba paka analia bwana wake. Nimeisoma barua yako mara tatu na hapo ndipo nilipokwama. Sisemi paka hana moyo. Paka aliyempoteza mtu wake anaweza kweli kususa chakula, akajificha, akazunguka akilia. Ila wewe mwenyewe umeniandikia kuwa marehemu alipofariki Kashata alikula. Alikula wiki ya kwanza, alikula mpaka arubaini ikapita. Kama ni huzuni, mbona imengoja siku 45 na zaidi?

Kuna na lile la Jumatatu. Umelieleza vizuri hata nimemwona: alikuja mbio, akanusa, akajilamba, akachukua, akainamisha kichwa upande mmoja, kikaanguka. Akakitazama. Mama, huyo alikuwa na njaa. Aliyechoka na dunia haji sahanini mbio. Daktari niliposoma mstari ule alinikatiza hapo hapo, akauliza, "Na mate je?" Nikamwambia mkeka umelowa. Akasema jambo la kwanza ambalo yeye angelitazama ni mdomo: jino lililooza, fizi zilizovimba, kidonda cha ulimi, au mwiba uliokwama. Paka wengi wa umri wake wana meno mabovu, na hawalii kama mtoto anavyolia jino. Wanaacha kula tu, kimya. Mimi nikakumbuka ile sinia kwenye daka. Miaka kumi na miwili Kashata hakujua mwiba ni nini, kwa sababu kulikuwa na mtu wa kumchambulia mmoja mmoja. Kisha wakaja dagaa wakavu wenye vichwa vigumu. Tafadhali usilipokee hili kama lawama. Ulimlisha kilichopatikana, na msimu wa kusi kila mtu wa Lamu anajua bahari inavyokuwa.

Ila sitaki nikutoe kwenye dhana moja nikutie kwenye nyingine. Umesema anakunywa maji sana. Kwa paka mzee hiyo huweza kuwa dalili ya figo kuchoka, na figo zikichoka sumu hubaki mwilini, zikaleta kichefuchefu na hata vidonda mdomoni. Kwa hiyo mdomo unaweza kuwa ndio ugonjwa, na unaweza kuwa ni dirisha la ugonjwa ulioko ndani. Tofauti yake haionekani kwa macho, inataka damu ipimwe. Na kuna jambo la tatu, la mbali lakini halipuuzwi. Mnyama yeyote anayetoka udenda na kushindwa kumeza, ni lazima mtu afikirie kichaa cha mbwa, na paka nao hukipata wakiumwa na mnyama mwenye nacho. Kashata anaonekana amekaa nyumbani na ametulia, lakini kumbuka kama aliwahi kurudi na jeraha miezi hii, na kama amewahi kuchanjwa. Mpaka daktari amwone, vidole vyako visiingie mdomoni mwake kutafuta mwiba, na mate yake usiyashike kwa mikono mitupu. Akikuuma au kukuparura, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Kwa hilo usiniulize mimi wala wifi; utatoka.

Kinachonikosesha raha ni siku. Jumapili mpaka leo Ijumaa ni nyingi kwa paka, na wale wanaosema "mwache" hawajui kinachotokea ndani yake. Paka asipokula, mwili hushuka kwenye mafuta yake ili upate nguvu. Mafuta hayo hupitia kwenye ini, na ini la paka haliwezi mzigo mkubwa wa ghafla. Hujaa mafuta likaanza kufeli. Siku mbili tatu zinaweza kutosha kulianzisha, na paka aliyekuwa mnene, huyu mliyemwita mto, ndiye aliye hatarini zaidi. Ukiona weupe wa macho, ngozi ya ndani ya masikio au fizi zinageuka manjano, basi ini limeshaguswa. Wengine hupona hata hapo, kwa dripu na kulishwa taratibu, lakini huchukua wiki nyingi. Nakwambia haya nikijua kuwa huna raha tayari. Naona ni afadhali uchague ukijua.

Basi tuangalie milango, maana mimi naiona ni zaidi ya miwili.

Daktari anaweza kuja. Lamu ni mji wa punda na paka, na waganga wa wanyama wamo. Kazi yao kubwa ni punda, lakini paka si mgeni kwao. Idara ya mifugo ya kaunti nayo ina maafisa. Mtu wa kukupigia simu na kuuliza nani yuko kazini leo hakosekani. Akija nyumbani atakuwa mwanamume ajinabi, kwa hiyo utataka mwanao au jamaa wa kiume awepo, na wewe ukae chumba cha pili ukijibu maswali kupitia kwake. Ubaya wake ni kwamba nyumbani hana vifaa vyote. Atatazama mdomo, atapiga sindano, atampa maji, lakini kama ni jino la kung'oa itabidi paka alazwe usingizi, na paka mwenye figo mbovu ana hatari zake akilazwa. Hilo mtalizungumza naye, pamoja na gharama. Muulize bei kabla hajaanza, bila haya. Fedha za mjane zina kazi nyingi.

Mlango mwingine ni Kashata kupelekwa na mtu, wewe ukabaki. Na hapa, mama, niruhusu niguse neno lako moja. Umesema mwanao ataona umechanganyikiwa. Yeye amekwambia hivyo? Katika barua nzima, aliyesema neno kali ni wifi. Mwanao hakusema kitu. Umeniandikia kuwa huja kila jioni, hukaa, humtazama paka, huondoka. Mimi simjui, huenda nakosea kabisa. Lakini kijana anayekaa kila siku akimtazama paka wa babake, huenda naye ana swali linalomshinda kulitoa, na huenda anaogopa kuligusa mbele yako, akidhani ndiye atakayekutia machozi. Nyote wawili mnaweza kuwa mmenyamaza kwa kuhurumiana. Akikataa, utakuwa umejua. Akikubali, safari yote ni mwendo wa dakika chache kwenye vichochoro.

Kisha kuna kutoka wewe mwenyewe. Mimi si mwanachuoni na sitakufanyia fatwa kwenye safu hii. Ninachokijua ni kwamba wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafi wamelizungumzia suala la mjane kutoka mchana kwa haja na kurudi kulala nyumbani kwake, hawakuliacha kimya. Kama uhai wa mnyama ulio chini ya mkono wako unaingia kwenye haja hiyo, na hasa ikiwa hakuna mwingine wa kumpeleka, ni swali la sheikh unayemwamini, na Lamu haina uhaba wa masheikh. Muulize kwa simu, au umtume mwanao baada ya swala. Uliza wewe, kwa maneno yako, usimwachie wifi akuulizie. Lakini pima na hili: hata ukiambiwa inafaa, macho ya watu yatakuwepo, na maneno ya wifi utakaa nayo siku zilizobaki. Kuna wanaoweza kulibeba hilo na kuna wanaoumia. Wewe ndiye unayejijua.

Mlango wa mwisho ni kumwacha, kama wanavyosema. Nao ni mlango, siwezi kuuficha. Paka wa miaka kumi na miwili ni mzee, na huenda daktari akimwona aseme hakuna la kufanya zaidi ya kumtuliza. Lakini kuacha baada ya kutazamwa na kuacha kwa kudhani analia, naona ni mambo mawili mbalimbali, na la pili lina maumivu ambayo huenda yasikuachie usingizi.

Wakati unatafuta mtu, yapo ya kufanya hapo hapo ndani. Samaki laini, changu au tasi, mchemshe, mchambue kama alivyokuwa akichambuliwa, halafu mponde kwa supu yake mpaka awe kama uji. Mpe akiwa na uvuguvugu wa mwili, maana chakula chenye joto hutoa harufu, na paka hula kwa pua kabla ya mdomo. Sahani iwe bapa, umsogezee hapo chini ya kitanda, kisha uondoke. Akigusa kijiko kimoja, shukuru, rudia baada ya saa mbili. Asipotaka, usimminie kwa nguvu kooni. Chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu, na mdomo ukiwa na kidonda atakuchukia wewe na sahani pamoja. Maziwa yasikushawishi, paka wazima wengi huwaharisha, naye hana maji ya kupoteza. Angalia pia kama anakojoa. Dume akienda mara kwa mara akajikamua na kisitoke kitu, hilo haliwezi kungoja hata kesho.

Nirudi kwenye hadithi inayokunyima usingizi. Unamkumbuka yule mwanamke, lakini sikiliza lililosimuliwa: alimfunga paka, hakumlisha, wala hakumwachia ale vijidudu vya ardhi. Wewe siku ya kwanza umeweka dagaa, ya pili tasi, ya tatu na ya nne supu. Umehesabu siku za paka huyu moja moja, mpaka namna alivyoinamisha kichwa. Sijui kama mtu huyo ndiye wa hadithi ile. Kuna nyingine nadhani unaijua, ya sahaba Abu Qatada aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya kutawadhia mpaka akanywa akatosheka. Mkwewe, Kabsha, akawa anamtazama kwa mshangao. Abu Qatada akamwambia kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema paka si najisi, ni katika wanaotuzunguka majumbani. Naipenda hadithi hiyo kwa kuwa ni ya nyumbani kabisa: mzee, paka, chombo cha maji, na mke wa mwanawe amesimama. Ilinikumbusha daka lako.

Na ni jambo dogo, mama, ila sikuweza kulipita. Umeniandikia Kashata amekula nini Jumapili, Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Wewe umekula nini hukuniandikia.

Ukimwita mwanao leo, mwambie aje na kikapu chenye kifuniko kinachofungika, kwa sababu paka mwenye maumivu huruka mkononi, na akiruka gatini hutamwona tena. Ndani mtandikieni kitu chenye harufu anayoijua, hutulia zaidi. Kile kikoi kilicho msumarini kingemfaa. Lakini kama moyo wako hauko tayari kukitoa hapo kilipo, kiache, kanga yako uliyolalia inatosha.